Wingu la Pili Halitibu Kiungo Kibovu

Asubuhi ya Oktoba 20, 2025, Wakenya wengi wakifuatilia sherehe za Mashujaa kutoka Kitui, hitilafu ilianza katika vituo vya data vya AWS, huduma ya wingu (seva za kukodi kupitia mtandao) ya Amazon, jimboni Virginia, Marekani. Nairobi ilikuwa saa tatu na dakika 48. Siku tisa baadaye ikawa zamu ya Microsoft: badiliko moja la mipangilio liliangusha Azure Front Door, lango linalopokea na kugawa maombi ya wateja wake kote duniani. Novemba 18, Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitishia maombi ya watumiaji wake, nayo ikalala. Kampuni tatu kubwa, ndani ya siku zisizofika 30. Tangu hapo, ukiketi na wakuu wa teknolojia au wajumbe wa bodi mjini hapa, utasikia hukumu mbili. Wa kwanza anasema tukodi wingu la pili, la kwanza likilala tuhamie. Wa pili anasema seva zirudi nyumbani, hapa Kenya. Nadhani wote wametoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Mifumo mingi ya hapa huangukia kwenye viungo, pale huduma moja inapoikabidhi nyingine kazi, na wingu husingiziwa tu. Viungo hivyo vina ruwaza za usanifu, yaani maumbo ya suluhisho yanayotumika tena na tena, zilizokwisha kujaribiwa mara nyingi na ambazo hazidai mkataba na kampuni ya pili. Ila ruwaza hizo nazo, zikinakiliwa bila vipimo, huzua kidonda kingine.

Tuanze na kisa cha Virginia, maana kinasimuliwa vibaya. Watu husema “AWS ilizimika”. Kilichotokea ni kwamba programu mbili zinazojiendesha, zote zikiwa na kazi ya kuhuisha DNS (kitabu cha anwani za mtandao) ya hifadhidata ya DynamoDB, zilipishana: moja iliweka mpango uliopitwa na wakati, nyingine ikaja kufagia mipango ya zamani na kuufuta huo huo, na anwani ya huduma nzima katika kanda hiyo ikabaki tupu. Hitilafu hiyo yenyewe ilitibiwa kufikia saa sita na dakika 25 mchana wetu, yaani kwa muda usiofika saa tatu. Lakini maumivu yaliendelea hadi karibu saa sita usiku. Kwa nini? Kwa sababu mfumo unaosimamia mashine za EC2, yaani seva ambazo AWS hukodisha, ulikuwa umepoteza mawasiliano na mashine nyingi, na anwani iliporudi ulitaka kuzisajili upya zote kwa mpigo. Kazi zilichukua muda mrefu kiasi cha kupitwa na muda wake kabla ya kukamilika, zikarudi kwenye foleni, foleni ikarefuka, na kila jaribio jipya likaongeza mzigo juu ya mzigo. Wahandisi walilazimika kubana maombi mapya ndipo mfumo upate kupumua. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa saa tatu, na zaidi ya saa kumi na moja zilizofuata zilikuwa za foleni zilizosongana.

Kisa cha Cloudflare kina funzo lake pia. Badiliko la ruhusa kwenye hifadhidata lilifanya faili la orodha ya vipengele vya kutambua roboti kuongezeka maradufu, likapita kikomo cha vipengele 200 ambacho programu ilikuwa imewekewa, na programu badala ya kukataa faili hilo ikafa. Aliyekuwa na mawingu mawili nyuma ya lango moja la Cloudflare siku hiyo alikuwa na nyumba mbili zenye mlango mmoja, na mlango umekwama.

Neno ruwaza linahitaji kuwekwa sawa, kwani limegeuzwa kuwa la kupamba zabuni. Wazo lenyewe lilitoka kwa wasanifu majengo, hasa Christopher Alexander miaka ya 1970, kabla ya wasanidi programu kulichukua na kulifanya lao katika miaka ya 1990. Si msimbo wa kunakili. Ni kama karatasi ya kukatia ya fundi cherehani: karatasi ni ile ile, lakini hakuna fundi mwenye akili anayekata kitambaa kabla ya kumpima mteja kiuno. Kinachotumika tena na tena ni swali na umbo la jibu. Vipimo ni vya mteja, na hapo ndipo timu nyingi zinapokosea. Zinaichukua ruwaza pamoja na vipimo vya mtu wa Seattle, kwao Amazon, kisha zinashangaa suruali inabana.

Kabla ya kwenda kwenye viungo vyenyewe, hesabu kidogo. Tuseme duka la mtandaoni linategemea huduma tano ili kukamilisha mauzo: Daraja ya M-Pesa (kiunganishi cha Safaricom kati ya mifumo na M-Pesa), seva za wingu, hifadhidata, eTIMS ya KRA (mfumo wa ankara za kodi) na kampuni ya SMS. Tuseme pia kila moja iko hewani asilimia 99.9 ya muda na huanguka kivyake. Zikipangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja ikisubiri mwenzake, mauzo yatawezekana asilimia 99.5 tu ya muda. Huo ni upungufu wa takriban saa 44 kwa mwaka, ilhali huduma moja peke yake ingekosekana saa tisa hivi. Sasa kodisha wingu la pili la seva, lifanye kazi bila dosari: umeokoa chini ya saa tisa, unabaki na 35. Ongeza hifadhidata pacha kwenye wingu hilo la pili, kazi ngumu kuliko zote katika fani hii: unafika saa 26. Vinginevyo, acha wingu lako lilivyo, na uzitoe eTIMS na SMS kwenye njia ya mauzo kwa kuziweka nyuma ya foleni, zifanye kazi yake baadaye zikiwa na afya. Unafika saa 26 zile zile, na foleni ni kazi ya wiki mbili kwa mhandisi mmoja. Bado sijaona pendekezo la mawingu mawili linalotanguliza hesabu hii.

Hilo duka tulitazame kwa karibu. Tuseme liko Industrial Area na linauza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Fundi aliye Ruiru anaagiza mabati 40 ya geji 30, oda ya Sh48,000. Mfumo unamtumia STK Push, simu inamwomba PIN, Daraja inakamilisha malipo na kutuma jibu kwenye anwani ya duka, stoo inapunguzwa, ankara inaenda eTIMS kwa sababu mkandarasi aliyemtuma fundi anaihitaji ili gharama hiyo ikubaliwe kwenye hesabu za kodi, mwisho SMS inatoka. Njia inaonekana nyoofu. Kosa la kwanza, na ndilo la kawaida zaidi, ni msimbo unaopokea jibu la Daraja kisha kufanya kila kitu papo hapo, ukiita stoo, eTIMS na SMS, ndipo uiambie Daraja kwamba umepokea. Siku eTIMS inapochukua sekunde 25 badala ya mbili, maombi yanajazana mlangoni, na API Gateway, lango la AWS la kupokea maombi, kwa mipangilio yake ya kawaida hukata muunganisho ukifika sekunde 29. Fedha zimeshatoka kwa fundi, duka halina habari. Fundi akiona kimya anafanya ambalo mtu yeyote angefanya: analipa tena.

Tiba yake ni kupokea kwanza na kushughulikia baadaye. Jibu la Daraja linaandikwa lilivyo, herufi kwa herufi, kwenye jedwali. Ujumbe unawekwa kwenye foleni. Daraja inarudishiwa 200, msimbo wa “nimepokea”, ndani ya sekunde moja. Lakini hata hapo pana mtego. Kuandika kwenye hifadhidata na kuweka kwenye foleni ni vitendo viwili, na umeme au mtandao ukikatika katikati yake, kimoja kinafaulu na kingine hakifanyiki. Utakuwa na malipo yaliyosajiliwa ambayo hayatashughulikiwa milele. Ndiyo maana kuna ruwaza ya kikasha cha ujumbe unaotoka: ujumbe wenyewe unaandikwa kama mstari kwenye hifadhidata ile ile, katika muamala ule ule, na programu nyingine ndogo ndiyo inayopita kila sekunde chache kuchukua mistari mipya na kuipeleka kwenye foleni. Ama vyote viwili vimeandikwa, ama hakuna kilichoandikwa. Kuna pia uwezekano kwamba jibu halitakuja kabisa, kwa hiyo baada ya dakika moja bila habari mfumo uulize hali ya malipo kwa CheckoutRequestID (namba ya ombi la malipo), kisha uulize tena kwa nafasi zinazozidi kurefuka, badala ya kumwachia mtu wa huduma kwa wateja kazi ya kupekua taarifa ya M-Pesa jioni. ResultCode 0 ni malipo yamepita, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana. Hizi ni hali tatu tofauti zinazotaka ujumbe tatu tofauti kwa mteja, si “jaribu tena” moja kwa zote.

Kiungo cha pili ni kurudiwa. Foleni ya kawaida ya SQS, huduma ya foleni ya AWS, inaahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. Haiahidi mara moja tu. Majibu ya malipo nayo yanaweza kuja mara mbili. Timu nyingi hujikinga kwa msimbo unaouliza kwanza, “je, malipo haya yapo?”, na yasipokuwepo unayaandika. Kwenye majaribio huonekana sawa. Kwenye mauzo ya kweli, nakala mbili zinafika katika milisekunde zile zile, zote zinauliza, zote zinajibiwa hapana, zote zinaandika, na mabati 80 yanatoka stoo. Kinga ya kweli iko ndani ya hifadhidata yenyewe: safu iliyowekewa sharti la upekee, ili nakala ya pili ikataliwe na injini, si na nia njema ya msanidi. Swali linalobaki ni upekee wa nini. Wengi huchagua namba ya oda, na hapo ndipo ruwaza iliyonakiliwa inapouma, kwa sababu M-Pesa ina kikomo cha Sh250,000 kwa muamala. Oda ya Sh400,000 italipwa kwa mikupuo miwili, na mfumo uliofungwa kwa namba ya oda utaukataa mkupuo wa pili kama marudio. Ufunguo unapaswa kuwa wa malipo: CheckoutRequestID kwa jaribio, na namba ya risiti ya M-Pesa kwa fedha zilizoingia. Oda ni jumla ya malipo yake. Mwongozo wa kigeni ulioandikiwa malipo ya kadi hautakuambia hilo.

Foleni nayo ina tarakimu zake, na tarakimu za kiwandani ndizo zinazoumiza. Katika SQS, ujumbe uliochukuliwa na mtumishi, yaani programu inayofanya kazi zilizo kwenye foleni, hufichwa kwa sekunde 30 isipokuwa umebadilisha. Kama kazi inachukua sekunde 45, ujumbe unaibuka tena kabla haijakwisha na mtumishi wa pili anauchukua. Ndiyo asili ya zile SMS mbili mbili ambazo watu huilaumu kampuni ya SMS. Kwa anayetumia Lambda, huduma ya AWS ya kuendesha msimbo bila kusimamia seva, AWS yenyewe inashauri muda huo wa kuficha uwe angalau mara sita ya muda uliopewa kazi. Kisha kuna foleni ya waliokwama, pale unapopelekwa ujumbe ulioshindikana mara kadhaa, tuseme tano, ili usizibe njia. Wengi wanaiweka, wanajisifu, wanaisahau. Ujumbe kwenye SQS hudumu siku nne kwa mipangilio ya kawaida, na katika foleni ya kawaida ukihamishiwa kwa waliokwama saa haianzi upya: huhesabiwa tangu siku ulipoingia mara ya kwanza. Sasa fikiria Alhamisi jioni kabla ya Pasaka. Ankara 60 zinakwama. Ijumaa Kuu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu ya Pasaka. Mhasibu anafungua kompyuta Jumanne asubuhi na foleni ya waliokwama ni safi kabisa. Kila kitu kimefutika, na ubao wa ufuatiliaji unaonyesha kijani. Muda wa juu kabisa ni siku 14. Foleni ya waliokwama iwekewe huo, na king’ora kilie ujumbe wa kwanza unapoingia, si wa mia.

Kujaribu tena ndiko ruwaza inayopendwa kuliko zote na yenye madhara kuliko zote. Kivinjari cha mteja kinajaribu mara tatu. Seva ya mbele, kwa kila jaribio hilo, inajaribu mara tatu. Maktaba inayoita eTIMS nayo inajaribu mara tatu. Ombi moja la fundi limekuwa maombi 27 kwa huduma ambayo tayari ilikuwa hoi. Ndicho kilichowasonga wahandisi wa Virginia, kwa kipimo cha duka la mabati. Kanuni ni kwamba tabaka moja tu ndilo lenye haki ya kujaribu tena, kwa nafasi zinazoongezeka, sekunde 1, 2, 4, 8, na kila nafasi ichanganywe na bahati nasibu kidogo ili watumishi 50 waliokwama pamoja wasiamke pamoja. Juu yake iwekwe swichi inayojikata, mfano wa ile ya ukutani inayoruka pasi ikipiga shoti. Ankara tano tofauti zikishindikana ndani ya sekunde 30, mfumo uache kuiita eTIMS kwa dakika moja, uruhusu ombi moja kuchungulia, na likifaulu njia ifunguliwe. Tarakimu hizo ni za kuanzia; duka lenye ankara kumi kwa saa halitafikisha ankara tano katika sekunde 30 hata siku ya kiyama, na swichi yake haitaruka kamwe. Lifikirie hilo kabla ya kunakili. Swichi ikiwa imekatika, ankara zisubiri foleni, na mteja aambiwe wazi kwamba ankara ya KRA itafuata. KRA yenyewe imetoa njia mbili za kuunganisha mifumo na eTIMS: OSCU, inayotaka kuwa mtandaoni wakati wote, na VSCU, ya wenye ankara nyingi au wasio mtandaoni kila wakati. Kuchagua kati ya hizo mbili ni uamuzi wa usanifu, ingawa mara nyingi humwangukia yeyote aliyetumwa kujaza fomu.

Ruwaza ngumu zaidi inaitwa saga, neno lisilohusiana na kusaga unga. Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliieleza mwaka wa 1987 kama njia ya kufanya muamala mrefu kwa vipande, kila kipande kikiwa na kitendo cha kukifidia iwapo vya mbele vitashindikana. Kwenye duka letu, mabati 40 yanashikiliwa kwa ajili ya fundi, kisha malipo yanaombwa. Yakishindikana, mabati yanaachiliwa. Swali ni muda wa kushikilia. Timu nyingi huweka dakika moja kwa sababu ombi la PIN hukaa kwenye simu kama muda huo. Basi fundi anaweka PIN sekunde ya 55, jibu linachelewa, mabati yanaachiliwa, mteja mwingine anayachukua, na sekunde ya 70 fedha za wa kwanza zinaingia. Muda wa kushikilia lazima ushinde njia ndefu kuliko zote ya malipo, pamoja na maulizo ya hali. Dakika tano ni salama zaidi. Na fedha zikiingia baada ya mabati kuachiliwa, pawe na uamuzi ulioandikwa: bidhaa mbadala, kusubiri mzigo mpya, au kurudisha fedha. Kurudisha si kufuta. Mteja ameshaona SMS ya fedha kutoka, na mpaka arejeshewe haoni ruwaza, anaona wizi. Kwa hiyo hatua isiyorudishika kwa urahisi, kama ankara ya KRA, iwe ya mwisho kwenye mstari.

Sasa turudi kwa wanaotaka mawingu mawili. Wana hoja ya kweli moja: kampuni inaweza kubadilisha bei au masharti, na mteja asiye na pa kwenda hana sauti. Ila ukuta huo umepungua kimo. Mwaka wa 2024 Google, AWS na Microsoft zilitangaza kuondoa ada ya kuhamisha data kwa mteja anayeondoka kabisa. Kinachomfunga mtu leo ni tabia za huduma zenyewe, jinsi data inavyoulizwa kwenye DynamoDB tofauti na kwenye Firestore, hifadhidata ya Google, na hilo halitatuliwi kwa mkataba wa pili. Hoja yao dhaifu ni ya uthabiti, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana. Ili wingu la pili lipokee zamu saa ile la kwanza linapoanguka, ni lazima liwe na data ya sekunde ile. AWS iko Cape Town tangu 2020. Azure na Google ziko Johannesburg. Kati ya miji hiyo ni kilomita zaidi ya 1,200, na mwanga ndani ya nyaya hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kuandika kutakakosubiri upande wa pili kutalipa angalau milisekunde 12, bila kuhesabu vifaa vya njiani. Usiposubiri, utapoteza sekunde za mwisho, na katika duka sekunde za mwisho ni risiti za watu. Ongeza ruhusa za watumiaji za aina mbili, ufuatiliaji wa aina mbili, bili mbili za dola, na timu ya watu wanne inayopaswa kujua yote hayo saa nane usiku. Mshika mbili moja humponyoka, na katika mifumo ya namna hii inayoponyoka ni ile ya akiba, kwa sababu haiguswi mpaka siku ya msiba.

Wenye kutaka seva nyumbani wana hoja nzito zaidi, na sipendi inavyodharauliwa na wauzaji wa wingu. Mei 12, 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ilihisi. Mfumo wenye mteja Nairobi, malipo Nairobi na seva Cape Town ulikuwa unavuka bahari mara kadhaa ili kuuza mabati Ruiru. Bili ya dola 2,000 iligharimu takriban Sh320,000 mwanzoni mwa 2024 dola ilipokaribia Sh160, na Sh258,000 ilipotulia kwenye 129; hakuna duka linalopenda gharama inayocheza hivyo. Kanuni za mwaka wa 2021 chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data nazo zinataka data ya shughuli nyeti za taifa ishughulikiwe kwenye seva iliyo Kenya, au nakala yake iwe hapa. Duka la mabati halimo humo, lakini kampuni zinazoihudumia serikali zimo. Hata hivyo, seva ikiwa Mombasa Road badala ya Cape Town, jibu la Daraja bado linaweza kuja mara mbili, eTIMS bado inaweza kuchelewa, na foleni bado inaweza kumeza ankara za Pasaka. Aliyerudi nyumbani na viungo vibovu amebadilisha anwani tu.

Kuna pingamizi la tatu, la wahandisi wenyewe: ruwaza hizi ni mzigo kwa timu ndogo, na huduma zinazoendeshwa na mtoa wingu tayari zinazo ndani yake. Nusu ya kwanza naikubali. Duka lenye oda 20 kwa siku halihitaji saga. Linahitaji sharti la upekee kwenye jedwali, foleni moja, na mtu wa kutazama waliokwama kila asubuhi. Nusu ya pili inapotosha. Foleni ya FIFO ya SQS, ile inayotunza mpangilio wa kuingia, huzuia marudio, kweli, lakini ndani ya dakika tano tu. Jibu la malipo lililorudiwa baada ya dakika kumi linapita kama jipya. Huduma inakupa chombo. Dakika tano zake hazijui kwamba fundi wako hulipa akiwa juu ya paa, simu ikiwa mfukoni mwa saidia wake.

Na kunakili bila kupima kuna bei inayoonekana kwenye bili. Violezo vya Terraform na OpenTofu, zana za kujenga miundombinu ya wingu kwa msimbo, vinavyosambazwa mtandaoni huja vimejengwa kwa ajili ya mashirika makubwa, na kimoja cha kawaida huweka NAT Gateway, lango ambalo seva za ndani hutokea nje, katika kila eneo kati ya matatu ya vituo vya data. Kwa bei ya Virginia hizo ni dola 0.045 kwa saa kwa kila moja, yaani dola 97 kwa mwezi wa siku 30 kabla gigabaiti moja haijapita, kisha dola 0.045 kwa kila gigabaiti. Picha za bidhaa zinazosomwa kutoka S3, hifadhi ya faili ya AWS, zikipitia humo zinatozwa, ilhali lango maalumu la S3 ndani ya mtandao wa ndani ni bure na huwekwa kwa mistari michache. Nimetaja picha kwa sababu kwenye duka la mtandaoni picha ndizo zinazokula gigabaiti, na ndizo ambazo mtu hazifikirii.

Yote haya yanabadilisha jinsi zabuni zinavyopaswa kuandikwa. Nyaraka nyingi za ununuzi wa mifumo huuliza mfumo utakaa wingu gani, una vyeti vingapi, na asilimia ngapi za kuwa hewani zinaahidiwa. Hazimuulizi mzabuni jibu la malipo likija mara mbili itakuwaje, au ujumbe uliokwama unadumu siku ngapi na nani anaamshwa. Mafunzo ya vyeti yanawatoa vijana wanaojua majina ya huduma 50 za kampuni moja na wasioweza kueleza kwa nini ujumbe umerudi kwenye foleni. Mahali ambapo wauzaji wawili wanafaa ni kwenye viungo vyembamba. Kampuni mbili za SMS nyuma ya kiolesura kimoja cha kwenu, moja ikilala nyingine ichukue, ni kazi ya siku tatu na faida yake inaonekana mwezi huo huo. DNS kwa kampuni mbili pia ina maana. Hifadhidata kwa kampuni mbili, kwa duka kama hili, haina.

Mtu anayetaka kujua mfumo wake uko wapi hana haja ya mshauri. Usiku wa Jumanne isiyo na mauzo mengi, kwenye mazingira ya majaribio yaliyo sawa na yale halisi, azuie njia ya kwenda eTIMS kwa saa nzima. Atume oda 30. Kisha achukue jibu moja la Daraja lililohifadhiwa na alitume tena mara mbili kwa wakati mmoja, na mara ya tatu baada ya dakika kumi. Aue mtumishi wa foleni katikati ya kazi. Afungue njia, asubiri nusu saa, ahesabu: malipo 30, ankara 30, SMS 30, na mabati stoo yaliyopungua kwa idadi iliyoagizwa. Akipata ankara 29 au SMS 31, ameshajua kiungo cha kuanza nacho Jumatano asubuhi.